Mfahamu Edgar Codd, rubani wa vita aliyebadilisha kanzidata zote unazotumia

Ukiweka MySQL au PostgreSQL kwenye kompyuta yako leo, jaribio la kwanza huwa ni lilelile. Unawasha seva, unafungua dirisha la kuandikia amri, unatengeneza jedwali dogo, unaingiza majina mawili matatu, halafu unaiomba seva ikurudishie. Majina yakitokea, mambo safi.

Ila kuna kitu wengi hawakioni hapo. Hukuiambia seva majina yako sehemu gani ya diski, wala iyatafute kwa njia ipi. Umetaja unachotaka, basi, kazi nyingine ikafanywa na mashine.

Uhuru huo una mwenyewe. Anaitwa Edgar Frank Codd, na mwajiri wake, kampuni ya IBM, alichukua zaidi ya miaka 10 kabla ya kuanza kuuza wazo lake.

Mtoto wa mwisho kati ya saba

Codd, ambaye wenzake walimwita Ted, alizaliwa Agosti 1923 huko Portland, kisiwa kidogo kusini mwa Uingereza. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto saba. Mama yake alikuwa mwalimu.

Alisoma hisabati na kemia Chuo Kikuu cha Oxford. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, akajiunga na jeshi la anga la Uingereza na kuwa rubani.

Mwaka 1948 alihamia Marekani, na mwaka uliofuata akaajiriwa IBM kuandika programu, enzi ambazo kompyuta moja ilijaza chumba kizima.

Hakuwa mtu wa kukaa kimya. Mwaka 1953, Seneta Joseph McCarthy alipokuwa akiwaandama watu kwa tuhuma za ukomunisti, Codd alikasirika akahamia Canada. Alirudi Marekani mwaka 1957.

Mwaka 1965, akiwa ameshavuka miaka 40, alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Michigan. Baadaye akahamia maabara ya IBM iliyopo San Jose, California. Huko ndiko mambo yalipoanza.

Shida ilikuwa nini?

Kanzidata zilikuwepo tayari. IBM yenyewe ilikuwa na IMS, iliyopanga taarifa kama mti: shina, tawi, kijitawi.

Chukua mfano wa shule. Chini ya shule kuna madarasa, chini ya darasa kuna wanafunzi. Ukitaka wanafunzi wa darasa moja, ni rahisi. Ukitaka wote wanaosoma kemia katika kila shule, hapo mtaalamu lazima akae chini aandike programu ya kupita tawi kwa tawi.

Mbaya zaidi, mpangilio ukibadilishwa, programu zilizoutegemea zinaharibika. Meneja mwenye swali dogo tu anasubiri foleni ya mafundi.

Codd aliona huu ni upotevu. Mwaka 1969 aliandika ripoti ya ndani ya IBM, na Juni 1970 akachapisha makala katika jarida la chama cha wanakompyuta, ACM. Wazo lake lilitoka kwenye hisabati ya seti: weka kila kitu kwenye majedwali, yaunganishe kwa thamani zilizomo, kama namba ya mwanafunzi, na mtumiaji aseme anachotaka bila kujua kimehifadhiwaje.

Nyumbani hakueleweka

IBM haikumkimbilia kwa furaha. IMS ilikuwa inaingiza pesa, na nani anataka kuua biashara yake mwenyewe? Wengine walidai mfumo wa majedwali ungekuwa mzito mno kwa mashine za wakati ule.

Codd hakurudi nyuma. Aliwaeleza wateja wa IBM faida ya wazo lake, nao wakaibana kampuni. Mwaka 1974 alisimama kwenye mdahalo dhidi ya Charles Bachman, bingwa wa mfumo wa zamani, aliyekuwa ameshapata Tuzo ya Turing mwaka mmoja kabla.

Hatimaye IBM ilianzisha mradi wa majaribio ulioitwa System R. Humo Donald Chamberlin na Raymond Boyce walibuni lugha ambayo leo tunaijua kama SQL. Codd hakuwa mbunifu wake, na wala hakuridhika nayo. Aliona imekiuka baadhi ya kanuni zake, mfano kuruhusu mstari uleule kujirudia kwenye jedwali.

Wakati IBM inajivuta, wengine walikuwa wanasoma. Michael Stonebraker na Eugene Wong wa Chuo Kikuu cha Berkeley walijenga Ingres, ambayo ndiyo chimbuko la PostgreSQL. Larry Ellison na wenzake nao wakaingiza Oracle sokoni mwaka 1979. IBM ilifuata mwaka 1981.

Mwaka huohuo wa 1981, Codd alipewa Tuzo ya Turing, heshima kubwa kuliko zote kwenye sayansi ya kompyuta.

Kipimo alichotuachia

Aliondoka IBM mwaka 1984. Kufikia hapo kila muuzaji alikuwa anajinadi kwamba bidhaa yake inafuata mfumo wa Codd, hata kama ni rangi tu imepakwa juu. Mwaka 1985 akajibu kwa kuchapisha kanuni 12 za kupima nani mkweli. Kwa hesabu ziko 13, maana zinaanzia namba 0.

Moja unaweza kuijaribu mwenyewe. Uliza seva yako swali, kisha ongeza faharasa kwenye safu mojawapo ya jedwali, uulize tena kwa maneno yaleyale. Jibu halitakiwi kubadilika, labda kasi tu. Kwa Codd, namna data inavyohifadhiwa chini haipaswi kuvuruga swali la mtumiaji aliye juu.

Codd alifariki Aprili 18, 2003 huko Florida, akiwa na miaka 79. Waliotajirika sana kwa majedwali yake ni wengine. Lakini mfumo ambao zamani uliuzwa kwa mashirika makubwa tu, leo mwanafunzi yeyote anaupakua bure, na programu ndogo ya SQLite inaufanya ukae hata ndani ya simu yako ya Android.