Chanda Chema Huvikwa Pete: Wangari Maathai, Mwalimu wa Sayansi



Likitajwa jina la Profesa Wangari Muta Maathai popote duniani, watu hukumbuka miti, kisha Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004. Sisi wa nyumbani tunaongeza kwamba alikuwa mbunge wetu. Lakini kabla ya hayo, kwa miaka 16, mkate wake aliupata kwa kufundisha sayansi katika chuo kikuu. Waliokaa mbele yake darasani wakati huo leo wana mvi, na vijana wetu wengi hawajui kwamba mama wa miti aliwahi kushika chaki. Mwaka huu harambee yetu ni ya walimu wa sayansi na maabara za shule zetu. Kwa hiyo tumeona vyema kusimulia upande huu wa maisha yake.

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe. Akiwa bado mdogo, familia ilihamia shamba la mlowezi karibu na Nakuru, ambako baba yake alikuwa ameajiriwa. Kule shambani hakukuwa na shule, na mwaka 1947 mama alirudi Ihithe na watoto ili wavulana wasome. Kaka mmoja, Nderitu, ndiye aliyemuuliza mama kwa nini Wangari haendi shuleni kama wao. Siku zile wasichana waliosoma walikuwa wa kuhesabika. Mama hakuwa na fedha, na mikono ya binti ilihitajika shambani, lakini alikubali. Swali la mtoto na jibu la mama ndiyo mwanzo wa mambo yote yanayofuata.

Kutoka Shule ya Msingi ya Ihithe alikwenda kwa masista wa St. Cecilia's, Mathari, kisha Loreto, Limuru, alikomaliza mwaka 1959. Huko Limuru mtawa aliyemfundisha sayansi alimwita baada ya masomo amsaidie kuosha vyombo vya maabara. Wakiosha, walizungumza. Mwanafunzi anayeshika chupa za maabara kwa mkono wake huacha kuiogopa sayansi, na mwalimu yule alilijua hilo.

Mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa vijana wa Kenya waliosafirishwa kwa ndege kwenda kusoma Marekani. Alisoma biolojia katika chuo cha Mount St. Scholastica, jimbo la Kansas, akahitimu mwaka 1964, kisha akachukua shahada ya uzamili Pittsburgh. Mwanzoni mwa 1966 alirudi Nairobi akiwa na barua ya kazi ya utafiti katika idara ya zuolojia ya chuo kikuu. Alipofika aliambiwa kazi imepewa mtu mwingine. Barua aliyoishika mkononi haikumsaidia kitu. Aliyemwokoa ni Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani kutoka Chuo Kikuu cha Giessen, aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo. Alihitaji mtu anayejua kutayarisha tishu kwa ajili ya hadubini, na Wangari alikuwa amejifunza kazi hiyo Marekani.

Tueleze kidogo kazi yenyewe, maana ni ya mikono na ya subira. Kipande cha ini au figo ya ng'ombe huhifadhiwa kwa dawa, kikazamishwa katika nta, kikakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, kikatiwa rangi, ndipo kikawekwa chini ya hadubini. Mwanafunzi akichungulia kwa mara ya kwanza haoni chochote ila madoa. Mwalimu ndiye anayemfundisha kuona: hapa ni mshipa, hapa ni seli yenye afya, hapa kuna kasoro. Daktari wa mifugo anayefika zizini kwako usiku kumtazama ng'ombe aliyelala chini alianzia kwenye madoa hayo.

Wanafunzi wake walikuwa karibu wote wanaume, wengine wa rika lake. Kuna waliodhani kwamba mwanamke kijana hawezi kuwa na elimu ya kuwafundisha wao. Hakugombana nao. Alifundisha, akatoa mitihani, akasahihisha, na alama zilipobandikwa ukutani kila mmoja alijua ni nani mwalimu.

Mwaka 1967 alikwenda Ujerumani, katika vyuo vya Giessen na Munich, kuendelea na utafiti wa udaktari. Alirudi Nairobi mwaka 1969 akiendelea kufundisha, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya udaktari wa falsafa. Mwaka 1976 aliongoza idara yake, na mwaka 1977 akawa profesa mshiriki. Katika chuo hicho hakuna mwanamke aliyewahi kuvishika vyeo hivyo kabla yake.

Lakini heshima ya cheo na heshima ya mkataba ni vitu viwili. Mwanamume aliyefundisha somo lile lile, kwa saa zile zile, alipewa nyumba na marupurupu ambayo mwalimu mwanamke aliyeolewa alinyimwa, kwa hoja kwamba hayo ni wajibu wa mumewe. Wangari na mwenzake mmoja wa biokemia walikataa. Walidai haki mbele ya wakuu wa chuo, wakajaribu hata kukigeuza chama cha wahadhiri kiwe chama cha wafanyakazi chenye nguvu ya kisheria. Mahakama haikuwakubalia, ila baadaye mengi waliyoyadai yalitekelezwa. Wanawake wanaofundisha vyuoni leo wanafaidi shamba ambalo jembe lake la kwanza lilishikwa na hao wawili.

Ni kazi hiyo ya ualimu na utafiti iliyomrudisha kwenye miti. Katika miaka ya 1970 alikuwa akichunguza kupe wanaoeneza ndigana, ugonjwa unaoua ng'ombe wa maziwa. Alipozunguka mashambani kukusanya kupe, aliona ng'ombe wamekonda, nyasi ni chache, na mito imejaa udongo mwekundu. Kwao Ihithe, mugumo mkubwa aliokatazwa na mama yake kuokota kuni zake ulikuwa umekatwa, na kijito alichotekea maji utotoni kilikuwa kimekauka. Aliyezoea kusoma tishu chini ya hadubini aliisoma nchi kwa jicho lile lile: alitafuta chanzo, hakuridhika na dalili. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti saba Nairobi, na huo ukawa mwanzo wa Green Belt. Hata huko alibaki mwalimu. Wataalamu wa misitu waliona kwamba mama wa kijijini hawezi kuotesha miche bila cheti. Yeye aliamini kwamba anayejua kupanda maharagwe anaweza kupanda mti, na akina mama wakadhihirisha.

Mwaka 1982 aliamua kugombea kiti cha ubunge kwetu. Sheria ilimtaka ajiuzulu chuoni kwanza, naye akajiuzulu. Kisha akazuiwa kugombea kwa kuwa hakuwa katika daftari la wapiga kura. Alipotaka kurudi darasani alikuta nafasi yake imekwisha kujazwa, akaamriwa pia kuihama nyumba ya chuo. Miaka 16 ikaishia hapo, akabaki bila kazi. Hakufundisha tena anatomia.

Heshima ilikuja, lakini ilichelewa. Mwaka 2002 Tetu ilimchagua kuwa mbunge wake kwa kura nyingi mno. Tarehe 8 Oktoba 2004 habari za Nobel zilimkuta njiani akija nyumbani, naye akasimama Nyeri akapanda mti. Baada ya hapo Chuo Kikuu cha Nairobi, kile kile kilichomfungia mlango, kilianzisha Taasisi ya Wangari Maathai ya Amani na Mazingira. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011, na jeneza lake halikutengenezwa kwa mbao, bali kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, maana hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake.

Tunashukuru kwa taasisi ile. Hata hivyo tunajiuliza ni madaktari wangapi wa mifugo ambao wangefundishwa naye katika ile miaka zaidi ya 20 iliyopita katikati. Jina ukutani halifundishi darasa. Chanda chema huvikwa pete, lakini pete ivikwe wakati chanda kingali kinafanya kazi.

Ndiyo maana tunawaomba mchango mwaka huu. Katika shule zetu wapo walimu wanaofundisha kemia kwa kuchora chupa ubaoni kwa sababu chupa yenyewe haipo. Wapo wanaobaki jioni na wanafunzi, na hakuna anayewalipa wala kuwaambia ahsante. Fedha zitakazopatikana zitanunua vifaa vya maabara, hadubini zikiwa za kwanza, na kila mwaka tutawatunza hadharani walimu wa sayansi ambao wanafunzi na wazazi watawapendekeza. Fomu iko ukurasa wa mwisho, na mweka hazina atapokea kidogo na kikubwa kwa shukrani ile ile.

Katika darasa mojawapo la Tetu leo yuko msichana ambaye bado anaiogopa sayansi. Tumpe chupa aioshe, na tumtunze mwalimu atakayesimama kando yake.