Daktari Carothers na Ubongo Uliodhaniwa Kulala

Katika historia ya uchunguzi wa akili Afrika ya Mashariki, ni majina machache yaliyozua mabishano makali kama jina la Daktari John Colin Dixon Carothers. Yeye hakuwa mtaalamu wa lugha wala wa fasihi. Hata hivyo, maisha yake yanamhusu kila anayesoma Kiswahili, kwa kuwa hukumu aliyoitoa juu ya ubongo wa Mwafrika ilivuka mipaka ya tiba, ikaingia katika siasa, na hatimaye ikapenya hadi katika nadharia za fasihi simulizi zinazofundishwa vyuoni.

Carothers alizaliwa Afrika Kusini mwaka wa 1903. Alifika Kenya mwaka wa 1929 kama daktari katika utumishi wa kikoloni, na kwa muda wa miaka tisa alifanya kazi ya tiba ya kawaida wilayani. Mwaka wa 1938 alikabidhiwa Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, iliyokuwa imeanzishwa mwaka wa 1910 kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Ikumbukwe kwamba alipoishika kazi hiyo hakuwa na mafunzo maalumu ya magonjwa ya akili. Stashahada yake katika taaluma hiyo aliipata Uingereza mwaka wa 1946. Mathari ndiyo iliyokuwa shule yake, nao wagonjwa wakawa vitabu vyake.

Mwaka wa 1947 alichapisha uchunguzi wa Waafrika 558 waliolazwa Mathari kati ya mwaka wa 1939 na 1943. Kutokana na idadi hiyo alikadiria kwamba wazimu ulikuwa nadra miongoni mwa Waafrika, hasa wale walioishi vijijini mbali na maisha ya Kizungu. Hapa ndipo kosa la kwanza lilipojificha. Kutoka Msambweni, katika pwani ya kusini, hadi Nairobi ni mwendo wa zaidi ya kilomita 500, na kabla ya kulifikia gari moshi ilimlazimu msafiri kuvuka kivuko cha Likoni. Mdigo aliyeshikwa na maradhi ya akili hakuanzia safari hiyo. Jamaa zake walimpeleka kwa mganga, wakamchezea ngoma ya pepo, au wakamwandikia kombe anywe. Aliyefikishwa Mathari mara nyingi ni yule aliyekuwa amekwisha kuonekana hatari machoni pa polisi au pa mwajiri. Kwa hiyo takwimu za Carothers zilihesabu waliokamatwa, hazikuhesabu waliougua.

Mwaka wa 1951 Carothers alichapisha makala kuhusu kazi za sehemu ya mbele ya ubongo. Wakati huo upasuaji wa kukata nyuzi za sehemu hiyo, uliobuniwa na Mreno Egas Moniz mwaka wa 1935, ulikuwa umeenea Ulaya na Marekani, na mbunifu wake alikuwa ametuzwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1949. Carothers alizitazama tabia za Wazungu waliofanyiwa upasuaji huo, akazilinganisha na tabia alizodai kuziona kwa Waafrika, akahitimisha kwamba zinafanana. Kwa maoni yake, Mwafrika hakuitumia ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake, na ndiyo sababu eti hakuweza kupanga mambo ya mbele wala kuyaunganisha mawazo yake. Ni haki kusema kwamba hakuutupia urithi wa damu lawama zote. Aliyataja pia malezi, lishe na maradhi. Lakini hukumu yenyewe ilibaki palepale, na mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kizima kuhusu akili ya Mwafrika.

Laiti vipimo vyake vingeanzia ufukweni, huenda hitimisho lingekuwa jingine. Mvuvi wa Msambweni hategi malema kwa kubahatisha. Huhesabu siku za mwezi ili ajue bamvua na maji mafu, huifahamu miamba asiyoiona, na hupanga kazi ya miezi ijayo kwa kufuata kusi na kaskazi. Hali kadhalika, malenga atungaye shairi la mizani kumi na sita kwa kila mshororo hulazimika kukishika kichwani kina cha kati na cha mwisho huku maana ikiendelea mbele. Kama huko si kupanga na kuunganisha, basi maneno hayo mawili hayana maana.

Hukumu ya daktari haikubaki vitabuni. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa nchini Kenya mwezi wa Oktoba 1952, na ingawa Carothers alikuwa amekwisha kurudi Uingereza, serikali ya kikoloni ilimwita achunguze chanzo cha Mau Mau. Ripoti yake ilichapishwa Nairobi mwaka wa 1954. Humo harakati hizo zilielezwa zaidi kama fadhaa ya watu waliopokonywa mila zao bila ya kupata nyingine, na suala la ardhi likasukumwa pembeni. Aliunga mkono pia kuwakusanya Wagikuyu katika vijiji, siasa ambayo tayari ilikuwa ikitekelezwa na iliyowahamisha kwa nguvu zaidi ya watu milioni moja. Hivyo dai la ukombozi liligeuzwa kuwa dalili ya ugonjwa.

Wapinzani walijitokeza mapema. Daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria, aliyewatibu wagonjwa wa akili kwa kushirikiana na waganga wa jadi, aliyapinga maelezo hayo katika miaka ya 1950. Naye Frantz Fanon, katika kitabu chake cha mwisho kilichotoka mwaka wa 1961, alimtaja Carothers kwa jina na kuonyesha jinsi tiba ilivyoweza kuutumikia ukoloni.

Lakini sura inayowagusa zaidi wanafasihi ni ile ya mwaka wa 1959. Mwaka huo Carothers alichapisha makala akidai kwamba Mwafrika wa kijijini huishi katika ulimwengu wa sauti na sikio, ilhali Mzungu, kwa sababu ya maandishi, huishi katika ulimwengu wa jicho. Marshall McLuhan wa Kanada aliyachukua maoni hayo na kuyajengea hoja katika kitabu chake cha mwaka wa 1962 kuhusu athari za uchapaji. Baadaye McLuhan aliuhusisha mgawanyo huo na nusu mbili za ubongo: jicho na maandishi upande wa kushoto, sikio na usimulizi upande wa kulia. Kwa njia hiyo wazo lililokulia Mathari likavaa nguo mpya.

Ajabu ni kwamba uchunguzi wenyewe wa nusu za ubongo hauungi mkono mgawanyo wa namna hiyo. Kuanzia mwaka wa 1962 Roger Sperry na wanafunzi wake huko California waliwachunguza wagonjwa wa kifafa waliokatwa mshipi wa nyuzi za neva unaoziunganisha nusu hizo. Picha ilipoonyeshwa upande wa kushoto wa macho, ikafika katika nusu ya kulia peke yake, mgonjwa alisema hakuona kitu. Hata hivyo, mkono wake wa kushoto uliweza kukipapasa na kukichagua kitu kilichokuwa pichani. Kwa wengi wa wagonjwa hao usemi ulikaa nusu ya kushoto. Lakini nusu isiyosema ilikuwa ikijua, na katika kazi ya kupanga maumbo iliishinda mwenzake. Sperry alituzwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1981. Katika ubongo mzima nusu hizo hufanya kazi pamoja, na hakuna taifa linaloishi katika nusu moja.

Aidha, pwani ya Waswahili haikuwahi kuchagua kati ya sikio na jicho. Hati ya Utendi wa Tambuka ni ya mwaka wa 1728, nayo iliandikwa kwa herufi za Kiarabu ili isomwe kwa sauti mbele ya hadhira.

Carothers aliendelea kuandika uzeeni, na mwaka wa 1972 alitoa kitabu kingine kuhusu akili katika Afrika. Alifariki mwaka wa 1989. Aliishi kuyaona matokeo ya Sperry, ambayo yangeweza kuwa jibu kwa kazi yake yote: anayenyamaza mbele ya swali huenda anajua, ila hajaulizwa kwa njia anayoweza kujibu. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anapokutana na nadharia inayogawa watu wa sauti na watu wa maandishi, ni vyema aulize kwanza ilizaliwa wapi, na ni nani aliyekuwa akipimwa.