Barbara McClintock: Alichekwa kwa mahindi yake, akaibuka na Nobel

Ukimenya hindi ukakuta punje zina madoa ya zambarau, utasema ni rangi tu. Barbara McClintock aliona zaidi ya hapo.

Alizaliwa Hartford, Marekani, mwaka 1902. Mama yake hakutaka asome chuo, akihofia binti atakosa mume. Baba akaingilia kati, Barbara akaenda Cornell na mwaka 1927 akapata shahada ya uzamivu.

Miaka ya 1940, akiwa kituo cha utafiti cha Cold Spring Harbor, New York, akagundua jambo kubwa: kuna jeni zinazohama. Ikihamia kwenye jeni ya rangi, punje inakosa rangi. Ikitoka wakati punje inakua, rangi inarudi kidogo kidogo. Ndiyo hayo madoa.

Mwaka 1951 akawaeleza wenzake. Wengi hawakumwelewa, wengine wakamcheka, maana iliaminika jeni zimekaa mahali pamoja kama shanga kwenye uzi. Baada ya muda akaacha kuchapisha matokeo hayo, ila shambani hakuacha kwenda.

Baadaye wanasayansi wengine wakakuta jeni zinazohama hata kwenye bakteria. Hapo ndipo wakamkumbuka. Mwaka 1983, akiwa na miaka 81, akapewa Nobel ya tiba peke yake, bila kugawana na mtu.

Alifariki mwaka 1992. Leo inajulikana kuwa karibu nusu ya DNA yako wewe unayesoma hapa imetokana na vipande vya aina hiyo.