Dennis Potter, mtoto wa mchimba makaa aliyeichagua televisheni

Katika kitivo chetu, mazungumzo juu ya fasihi ya Kiingereza huanza na Shakespeare, hupitia kwa Dickens na huishia kwenye riwaya. Televisheni hatuihesabu. Wanafunzi hupeana tamthilia za Uingereza na kubishana ipi inafaa kuangaliwa, lakini hufanya hivyo nje ya darasa, kana kwamba si kazi ya mtu wa lugha. Mimi naona ni kazi yetu kabisa. Badala ya kubishana kwa maneno matupu, nitasimulia maisha ya mwandishi mmoja ambaye aliweza kuandika vitabu na michezo ya jukwaani, lakini akaiweka televisheni mbele kwa kusudi.

Dennis Potter alizaliwa tarehe 17 Mei 1935 katika kijiji cha Berry Hill, ndani ya eneo la msitu wa Dean, jimbo la Gloucestershire, karibu na mpaka wa Wales. Baba yake, Walter, alikuwa mchimba makaa ya mawe. Maisha ya pale yalikuwa mgodi, kanisa, na klabu ambamo wafanyakazi walikutana jioni. Lugha yao pia ilikuwa na alama yake: walitumia bado maneno ya zamani ya kumwita mtu mmoja, ambayo Kiingereza sanifu kilikuwa kimekwisha kuyaacha. Mtoto aliyezungumza hivyo nyumbani alisahihishwa shuleni. Sisi ambao tumesikia Kiswahili cha nyumbani kikichekwa mbele ya kile kinachoitwa Kiswahili bora, hatuhitaji maelezo marefu kuhusu jambo hilo.

Dennis alikuwa na akili nyingi, na akili hiyo ilimtoa kijijini. Alisoma shule ya sekondari ya Coleford, halafu London. Wakati wa utumishi wa jeshi alifundishwa Kirusi. Kisha akaingia New College, Oxford, mahali ambapo watoto wa wachimba makaa walikuwa wachache sana. Mwaka 1958, akiwa angali mwanafunzi, alizungumza katika kipindi cha BBC kilichohusu matabaka ya jamii. Alieleza jinsi mtoto anayesomeshwa namna hiyo anavyobaki katikati: si mtu wa kijijini tena, wala si mtu wa watu wakubwa. Mwaka uliofuata alimwoa Margaret Morgan, msichana wa kwao, wakapata watoto watatu.

Hakuanza kama mwandishi wa tamthilia. Alijifunza kazi kwenye BBC, akatengeneza filamu fupi juu ya eneo lake, akaandika gazetini, akaingia siasa. Mwaka 1964 aligombea ubunge kwa chama cha Labour katika jimbo ambalo chama hicho hakikuwa na nguvu, akashindwa. Kabla ya hapo, mwaka 1962, ugonjwa ulikuwa umekwisha kumshika: ngozi yake ilibabuka mwili mzima, na viungo vikavimba na kukakamaa. Ugonjwa huo haukumwacha maisha yake yote. Vidole vilikunjika, lakini aliendelea kuandika kwa kalamu. Kazi ya kutembeatembea kama mwandishi wa habari haikuwezekana tena. Kuandika tamthilia kuliwezekana, hata kitandani.

Hapo ndipo ninapotaka wasomaji wafikiri juu ya televisheni yenyewe. Kwa miaka mingi Waingereza walikuwa na BBC na kituo cha pili cha biashara, ITV. Kituo cha pili cha BBC kilianza mwaka 1964 tu, na Channel 4 mwaka 1982. Tamthilia mpya ikionyeshwa Jumatano usiku, mchimba makaa na profesa waliiona saa ileile, bila kununua tiketi wala kuvaa nguo za kwenda kwenye jumba la michezo. Kwa Potter, hicho ndicho chombo pekee kilichoweza kuwaunganisha watu wa nchi yake, ambayo ilikuwa imegawanyika hata katika namna ya kutamka neno.

Mwezi wa Desemba 1965 zilionyeshwa tamthilia zake mbili juu ya kijana anayeitwa Nigel Barton. Ya kwanza, Stand Up, Nigel Barton, inafaa kusomwa na kila mwanafunzi aliyetoka familia ya wafanyakazi. Nigel, mtoto wa mchimba makaa, yuko Oxford. Anazungumza kwenye televisheni juu ya kwao, na wazazi wake wanamtazama nyumbani wakijisikia wameaibishwa. Tunaona pia alivyokuwa mdogo: alichukua ua la darasani, akamsingizia mwenzake, na mwenzake akaadhibiwa. Miaka 21 baadaye, katika The Singing Detective, mtoto mwingine mwenye akili anafanya kosa darasani na kumsingizia mwingine. Kwa maoni yangu, hiki ndicho kiini cha Potter. Yeye hakuandika juu ya kijana maskini anayepanda ngazi na kushangiliwa. Aliandika juu ya bei ya ngazi hiyo, na juu ya nani aliyeilipa.

Mwaka 1978 ilikuja Pennies from Heaven, yenye sehemu sita. Bob Hoskins anaigiza Arthur, mchuuzi wa karatasi za muziki katika miaka ya 1930. Ndoa yake ni baridi, anampenda mwalimu mmoja wa msitu wa Dean, na mwishoni anahukumiwa kunyongwa kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Ghafula, katikati ya mazungumzo, waigizaji wanafungua midomo na sauti inayotoka ni ya sahani ya zamani ya santuri. Wengine huona ni mchezo. Mimi naona ni hoja ya lugha: watu hawa hawana maneno yao wenyewe ya kusema wanachotamani, kwa hiyo wanaazima ya nyimbo za rahisi. Potter hakuzidharau nyimbo hizo. Alijua kwamba kwa watu wengi zilikuwa karibu na sala.

Mwaka uliofuata ilionyeshwa Blue Remembered Hills. Watoto saba wanacheza msituni siku moja ya mwaka 1943, wakati wa vita. Wote wanaigizwa na watu wazima waliovaa kaputula na magauni ya kitoto. Dakika za mwanzo unacheka. Baadaye unaona uonevu wao ni uleule wa watu wazima, na mwisho wake, mtoto aliyeonewa akifa motoni, haucheshi hata kidogo. Lahaja ya kijijini iko pale bila kusahihishwa na bila kuchekwa.

Kazi yake iliyo kubwa kuliko zote, kwangu mimi, ni The Singing Detective ya mwaka 1986, iliyoongozwa na Jon Amiel. Michael Gambon ni Philip Marlow, mwandishi wa riwaya za upelelezi aliyelala hospitalini na ugonjwa uleule wa Potter. Hawezi kusogea, na homa inachanganya mambo matatu kichwani mwake: wodi, kitabu chake cha upelelezi, na utoto wake msituni, ambako baba alikuwa mchimba makaa na mama alimdanganya baba. Sehemu sita zinatuonyesha polepole kwamba upelelezi wa kweli ni wa mgonjwa akijitafuta mwenyewe. Wanaosoma usimulizi hapa kitivoni hawatapata mfano mzuri kuliko huu wa hadithi tatu zinazoshikana mikono.

Sisemi kila alichoandika ni kizuri. Brimstone and Treacle ilizuiwa na BBC mwaka 1976 na ikaonyeshwa mwaka 1987 tu. Ina tendo la ubakaji linaloleta uponyaji, na mimi siwezi kulitetea. Blackeyes ya mwaka 1989, ambayo aliiongoza mwenyewe, ilishutumiwa sana kwa namna ilivyowatazama wanawake. Ilitaka kulaani jicho la mwanamume, lakini kamera iliendelea kulitumia jicho hilohilo. Mwenye kumpenda mwandishi lazima aseme hayo pia.

Mwezi wa Februari 1994 madaktari walimwambia ana kansa ya kongosho isiyotibika. Margaret naye alikuwa akiugua kansa. Mwezi wa Machi alirekodi mazungumzo na Melvyn Bragg kwa ajili ya Channel 4, akinywa mofini ili kupunguza maumivu, na akaeleza kwamba uvimbe wake ameupa jina la Rupert, kwa sababu ya Rupert Murdoch, mwenye magazeti na televisheni. Katika muda uliobaki aliandika tamthilia mbili, Karaoke na Cold Lazarus, akaomba vituo viwili vilivyoshindana, BBC na Channel 4, vishirikiane kuzionyesha. Jambo hilo halikuwa la kawaida, lakini vilikubali. Margaret alikufa tarehe 29 Mei, naye Dennis akamfuata tarehe 7 Juni, baada ya siku 9. Alikuwa na umri wa miaka 59.

Tamthilia hizo zilionyeshwa mwaka 1996. Katika Cold Lazarus, karne ya 24, wataalamu wanachota kumbukumbu katika kichwa cha mwandishi kilichohifadhiwa kwenye baridi, na tajiri wa vyombo vya habari anataka kuziuza kwa watazamaji. Kumbukumbu zinazotoka ni za msitu ule wa utoto.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni huu. Aanze na Blue Remembered Hills: ni fupi, na inaonyesha lahaja inaweza kubeba nini. Kisha Stand Up, Nigel Barton. The Singing Detective aiache mpaka apate jioni sita, maana ukiikata katikati unapoteza uzi. Na kwa maprofesa wetu naomba jambo moja: somo la tamthilia ya Kiingereza lipate nafasi moja ya televisheni. Wapo kati yetu watoto wa wachimbaji ambao siku moja wataandika, na watahitaji kujua kwamba lugha ya baba zao imekwisha kusikika mahali pengine, saa ambayo nchi nzima ilikuwa ikitazama.