Andreas Grüntzig, daktari aliyeunda puto la kupanua mishipa ya moyo jikoni mwake

Ungebisha mlango wa nyumba ya Andreas Grüntzig mjini Zurich, Uswisi, jioni moja mwanzoni mwa miaka ya sabini, huenda ungedhani umeingia karakana ya fundi. Kwenye meza ya jikoni hapakuwa na chakula. Palikuwa na mirija myembamba ya plastiki, uzi na gundi.

Mezani waliketi Grüntzig, mkewe Michaela, msaidizi wake Maria Schlumpf na mume wa Maria, Walter. Mchana Grüntzig alikuwa daktari wa hospitali ya chuo kikuu. Usiku alikuwa jua kali kabisa, akikata, akifunga na kubandika hadi usiku wa manane.

Alichokuwa akitafuta ni kifaa ambacho leo kimeokoa mamilioni ya watu: puto dogo linalosafiri ndani ya mshipa wa damu, likafika mahali palipoziba na kupapanua, bila daktari kupasua kifua.

Tuelewane kwanza kuhusu tatizo lenyewe. Moyo unasukuma damu mwili mzima, lakini nao unahitaji damu yake. Unaipata kupitia mishipa midogo inayouzunguka, yenye upana wa milimita 3 au 4 hivi. Mafuta yakigandamana ukutani mwa mshipa huo, njia inakuwa nyembamba. Mtu akipanda ngazi, kifua kinambana. Njia ikizibika kabisa, sehemu ya moyo inaanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Wakati ule tiba ilikuwa dawa za kupunguza maumivu, au upasuaji mkubwa wa kukata mfupa wa kifua na kushonea mshipa mwingine ili damu ipitie njia mpya. Katikati hapakuwa na kitu.

Grüntzig alizaliwa Juni 25, 1939, mjini Dresden, Ujerumani, miezi miwili tu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kuanza. Babake, aliyekuwa mwalimu wa sayansi, aliingizwa jeshini na hakurudi. Mamake, mwalimu pia, alibaki na wavulana wawili wa kulea katika nchi iliyobomoka.

Familia iliwahi kuhamia Argentina kwa muda, kisha ikarejea Ujerumani Mashariki. Andreas alimaliza shule mjini Leipzig mwaka wa 1957, na kabla ya ukuta wa Berlin kujengwa mwaka wa 1961 alikuwa tayari amevuka upande wa Magharibi. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Heidelberg na kuhitimu mwaka wa 1964.

Baadaye alijifunza pia takwimu na jinsi magonjwa yanavyosambaa katika jamii. Ni kozi ambayo madaktari wengi vijana wangeikwepa, lakini shika hapo. Tutairudia.

Mwaka wa 1969 alianza kazi Zurich, katika kitengo cha magonjwa ya mishipa. Huko ndiko alikokutana na wazo lililombadilishia maisha, na wazo hilo halikuwa lake.

Lilitoka kwa Mmarekani Charles Dotter, mtaalamu wa eksirei wa Portland, Oregon. Januari 16, 1964, Dotter alimhudumia ajuza wa miaka 82 ambaye mguu wake ulikuwa ukioza kwa kukosa damu. Madaktari walitaka kuukata, bibi akakataa katakata. Dotter akaingiza katheta, yaani mrija mwembamba, ndani ya mshipa wa mguu hadi penye kizuizi, kisha akapitisha mrija mnene zaidi juu ya ule wa kwanza. Njia ikafunguka. Bibi aliondoka hospitalini na mguu wake, akautembelea kwa karibu miaka mitatu hadi alipofariki.

Unafikiri Marekani ilishangilia? Wengi walimwona Dotter kama mtu aliyechanganyikiwa. Walichukua wazo lake kwa uzito zaidi Ulaya, hasa Ujerumani, ambako daktari Eberhard Zeitler aliendelea kulitumia. Kwake ndiko Grüntzig alikojifunzia.

Alipojaribu mwenyewe Zurich aliona nguvu ya njia ile, na akaona kasoro yake pia. Ili kupanua mshipa sana, ni lazima uingize mrija mnene, na mrija mnene unahitaji tundu kubwa penye kuingilia. Kwa mguu unaweza kuvumilia. Kwa moyo, sahau.

Akili yake ikamwendea puto: liingie likiwa limenywea, lifike, lijazwe, lifanye kazi, linywee tena, litoke.

Puto ndani ya mshipa halikuwa jambo geni. Mwaka wa 1963 daktari Mmarekani Thomas Fogarty alikuwa tayari ameeleza katheta yenye puto la kuvuta nje damu iliyoganda. Unalipitisha likiwa tupu hadi ng'ambo ya bonge, unalijaza, kisha unalirudisha likisukuma bonge mbele yake. Bado linatumika.

Lakini puto la Fogarty ni laini, na kwa kizuizi kigumu kilichoshikana na ukuta wa mshipa, ulaini ni tatizo. Chukua puto la sherehe ulibane katikati kwa vidole, kisha ulipulize. Litafura pande zote mbili, lakini pale ulipobana litabaki jembamba. Ndivyo mpira laini unavyofanya ndani ya mshipa: unatanuka penye nafasi, unapaacha penye shida.

Grüntzig alihitaji puto lenye umbo la soseji, lisilozidi upana uliopangwa hata ukiongeza shinikizo, ili nguvu yote iishie kwenye kizuizi. Alimwendea Heinrich Hopff, profesa mstaafu wa kemia, ambaye alimwelekeza kwenye plastiki ya PVC, ngumu kuliko mpira. Kuanzia hapo ilikuwa kazi ya jikoni. Jaribu, haribu, rudia.

Februari 1974 alilitumia kwa mara ya kwanza kwenye mshipa wa mguu wa mgonjwa. Likafanya kazi.

Kisha akarudi mezani, maana moyo ulihitaji kifaa kidogo zaidi. Aliunda katheta yenye njia mbili ndani yake: moja ya kujaza puto, nyingine ya kupima shinikizo la damu na kupitisha dawa inayoonekana kwenye eksirei. Hivyo angeweza kupima shinikizo mbele na nyuma ya kizuizi, na kujua kwa nambari, si kwa kubahatisha, kama njia imefunguka.

Alijaribu kwa mbwa na kwa maiti. Mwaka wa 1976 alipeleka matokeo ya mbwa kwenye kongamano la madaktari wa moyo Miami, Marekani. Wengi walipita wakitikisa kichwa. Woga wao ulikuwa na maana: je, mshipa ukipasuka? Je, mafuta yakivunjika na kuziba mbele zaidi?

Grüntzig hakuwabishia kwa maneno. Mei 1977, mjini San Francisco, yeye na daktari Richard Myler walilijaribu puto hilo kwa wagonjwa waliokuwa tayari kwenye thieta wakifanyiwa upasuaji wa moyo. Kifua kilikuwa wazi, kwa hivyo kama kungeharibika jambo, daktari wa upasuaji alikuwa palepale. Hakuna vipande vya mafuta vilivyoonekana kuvunjika na kusafiri.

Siku yenyewe ikafika: Septemba 16, 1977, Zurich. Mgonjwa alikuwa mwanamume wa miaka 38, muuza bima, mwenye kizuizi kimoja kifupi kwenye mshipa mkuu wa mbele ya moyo. Aliogopa kupasuliwa kifua. Alielezwa kwamba angekuwa mtu wa kwanza duniani kufanyiwa jambo hilo akiwa macho, akakubali. Åke Senning, mkuu wa upasuaji wa moyo hospitalini humo, aliruhusu kazi iendelee, na thieta ikawekwa tayari kwa dharura.

Katheta iliingizwa kwenye paja, ikapanda hadi kwenye moyo. Puto likajazwa, likanywea, likajazwa tena. Shinikizo mbele ya kizuizi likapanda. Mgonjwa hakupata hata maumivu ya kifua, na thieta haikuhitajika.

Miezi miwili baadaye Grüntzig alirudi Marekani kuwaonyesha madaktari wa moyo picha za wagonjwa wake wanne wa kwanza. Safari hii ukumbi ulimpigia makofi.

Watu wengi wangeanza kuvuma hapo. Sasa rudi kwenye ile kozi ya takwimu. Grüntzig aliandika rekodi ya kila mgonjwa, waliofaulu na waliokwama. Mwaka wa 1979 alichapisha matokeo ya wagonjwa 50 wa kwanza: puto lilifaulu kwa 32. Watano walilazimika kukimbizwa kufanyiwa upasuaji wa dharura. Aliyaweka yote mezani, akaeleza ni wagonjwa wa aina gani wanafaa na nani hawafai. Alisema pia kuwa mishipa mingine huziba tena.

Aliwaita madaktari wa nchi nyingine Zurich, wakakaa ukumbini wakimtazama moja kwa moja kwenye skrini akimhudumia mgonjwa. Hakuna kuhariri wala kuficha. Mambo yakienda mrama, yanaenda mrama mbele ya watu wote. Hilo liliwashawishi wapinzani kuliko hotuba yoyote, na liliwazuia wenye pupa kurukia kazi wasiyoielewa.

Mwaka wa 1980, akiona nafasi ya kazi imekuwa finyu Zurich, alihamia Chuo Kikuu cha Emory mjini Atlanta, Marekani. Huko alipata wagonjwa wengi, umaarufu na pesa. Alipenda maisha, na alipenda kurusha ndege yake mwenyewe.

Oktoba 27, 1985, akiwa na mkewe wa pili, Margaret Anne, aliyekuwa pia daktari, alirusha ndege hiyo kutoka pwani ya jimbo la Georgia kurudi Atlanta. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Ndege ilianguka na wote wawili wakafa. Grüntzig alikuwa na miaka 46. Dotter alikuwa amefariki Februari mwaka huohuo.

Mwaka uliofuata, madaktari Ufaransa na Uswisi waliweka stenti za kwanza kwenye mishipa ya moyo ya binadamu. Stenti ni kijineli cha waya kinachobaki ndani na kuushikilia mshipa usijifunge tena, tatizo ambalo Grüntzig alikuwa amelitaja. Leo kuna katheta za kunyonya damu iliyoganda mapafuni na za kuvuta bonge kutoka kwenye ubongo wa mtu aliyepata kiharusi.

Kazi hii inafanyika hata hapa Nairobi, katika hospitali kama Mater na Aga Khan. Ila kifaa hakina msaada kwa mtu aliyebaki nyumbani. Kifua kikikubana, maumivu yakashuka mkononi au kupanda kwenye taya, jasho jembamba likakutoka na pumzi ikakata, usijiambie ni asidi ya tumbo. Hata ukiwa kijana. Nenda hospitalini saa hiyo, kwa sababu mshipa wa moyo ukiziba, kila dakika ina gharama.

Na yule muuza bima? Mwaka wa 1987, miaka kumi baada ya siku ile ya Zurich, alisafiri hadi Emory, hospitali ambayo Grüntzig aliifanyia kazi hadi kifo chake. Madaktari walimpitishia katheta tena, wakatazama picha. Mshipa ulikuwa bado wazi.