Aliyeanguka na ndege mara mbili katika siku mbili

Mwandishi wa riwaya wa Marekani, Ernest Hemingway, aliyezaliwa mwaka 1899, alipenda sana kuwinda, na Tanganyika aliifahamu tangu safari yake ya 1933. Januari 23, 1954 alikuwa Uganda na mkewe, Mary, wakiyatazama maporomoko ya Murchison kutoka angani. Ndege yao ndogo iligonga waya wa zamani wa simu ikashukia vichakani. Mary alivunjika mbavu, lakini wote wawili na rubani walitoka hai.

Naamini vichaka vilisaidia. Kinachoumiza si mwendo wenyewe, ni kusimama ghafla. Mrina asali wa huku Mitundu akidondoka kutoka mita 4 hufika chini kwa mwendo wa kilomita 32 hivi kwa saa. Akitua kwenye udongo uliolimwa ana nafuu kuliko kwenye mwamba.

Kesho yake, huko Butiaba kando ya Ziwa Albert, walipanda ndege nyingine. Ikashika moto kabla ya kuruka. Mlango ulikwama, Hemingway akaupiga kwa kichwa mpaka ukafunguka. Fuvu lilipata ufa na maji yanayouzunguka ubongo yakavuja. Ini, bandama, figo na pingili za mgongo viliumia. Magazeti yalimtangaza marehemu, kumbe anatembea na kuongea.

Hapo ndipo wazazi wengi hudanganyika. Mtoto kaanguka mwembeni, kalia kidogo, karudi kucheza. Lakini kichwa kikisimama ghafla, ubongo huendelea na kugonga mfupa, na damu yaweza kuvuja taratibu kwa saa nyingi. Akitapika tena na tena, akisinzia isivyo kawaida, akipata degedege, kichwa kikizidi kumuuma, au majimaji yakimtoka puani au sikioni, usimpe panadol ukangoja asubuhi. Mpeleke hospitali usiku huohuo. Tumbo likiuma au kujaa, vilevile. Bandama iliyopasuka haionekani kwa nje.

Hemingway hakupumzika. Wiki chache baadaye, Shimoni, pwani ya Kenya, alikwenda kusaidia kuzima moto wa nyika, akaangukia motoni. Mtu mwenye ufa wa fuvu alikuwa wa kulazwa! Mwaka huohuo alitunukiwa Nobel ya fasihi. Desemba, siku ya kuipokea Stockholm, hakuweza kusafiri, na hotuba yake ilisomwa na balozi wa Marekani.