CHARLES WESLEY UGENINI

Charles Wesley alizaliwa Epworth, Uingereza, mwaka 1707, mtoto wa kasisi. Nyimbo zake tunaziimba Krismasi na Pasaka, lakini wengi hatujui jinsi utumishi wake wa kwanza ulivyovunjika.

Alipewa ukasisi Septemba 1735. Mwezi uliofuata alipanda meli pamoja na kaka yake John kwenda koloni la Georgia, Amerika. Machi 1736 akaanza kazi Frederica, kituo kidogo cha askari na walowezi. Alikuwa kasisi wao, na tena karani wa James Oglethorpe, mkuu wa koloni.

Charles aliwakemea watu kwa ukali, nao wakamchukia. Alisingiziwa kwa Oglethorpe, naye kwa muda akayasadiki maneno hayo. Kijana yule aliugua homa na kuhara, akalala chini kwa kukosa kitanda. Kisha huko Charleston akasikia jinsi watumwa walivyoteswa, akachukizwa mno. Agosti 1736 alianza safari ya kurudi kwao, mgonjwa na mwenye huzuni.

Siku ya Pentekoste 1738, akiwa mgonjwa tena mjini London, alipata amani katika Kristo. Ndipo nyimbo zikabubujika. Alipofariki mwaka 1788, bado kasisi wa Kianglikana, alikuwa ametunga zaidi ya 6,000.

Ndugu zangu, kijana akirudi kutoka utumishi mikono mitupu, tusimcheke. Tumwombee, tumpe nafasi tena.